Wote waliipakua, wachache wanaifungua

"Dokta, habari za kazi. Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja cha kati hapa Dodoma. Nafundisha Uhasibu wa Gharama kwa wanafunzi wa stashahada mwaka wa kwanza, kama 120 hivi. Muhula huu chuo kimeanzisha aplikesheni ya kujifunzia kwa simu. Wiki ya kwanza karibu wote waliipakua, tukafurahi. Sasa ni wiki ya sita, na wanaoingia hawafiki 20. Nimeweka notsi zote, nimeweka video za kipindi za saa nzima, nimeweka na maswali ya kujipima. Kwa kuogopa wasipitwe, notsi hizo hizo naziweka pia kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kinachoniuma ni kwamba huko WhatsApp nawaona wako hewani hadi saa sita usiku. Wenzangu wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu, niweke alama 5 kwa kila anayeingia kila wiki, watanyooka. Wengine wanasema niachane nayo. Nifanyeje?"

Mwalimu, pole kwa kazi, na nashukuru umeuliza kabla ya kugusa alama. Umetunga maswali, umekaa mbele ya kamera, halafu unafungua orodha na kukuta majina yasiyofika 20. Lazima iume. Lakini umeniandikia mambo matatu kwa pamoja: kama vijana hawa ni wavivu, kama alama zitawarudisha, na kama aplikesheni yenyewe ina maana. La kwanza nalijibu haraka, kwa sababu tukikaa nalo tutapoteza muda.

Sio wavivu. Ingia kwenye makundi yao madogo ya diskasheni, yale ambayo wewe hujaalikwa, utakuta mmoja amepiga picha ukurasa wa daftari, mwingine anamweleza kwa sauti jinsi ya kugawa gharama za kiwanda, wa tatu anaomba mtihani wa mwaka jana. Saa sita usiku ile unayoiona wewe, sehemu yake ni masomo. Swali la kujiuliza ni kwa nini kazi hiyo wanaifanyia kule na hawaifanyii kwenye aplikesheni.

Wapo pia wanaodhani kijana aliyekulia na simu atapenda tu kusomea kwenye simu. Kujua kurusha video na kutafuta wimbo ni ujuzi mmoja. Kusoma kurasa 30 za notsi kwenye kioo cha inchi sita, ukilinganisha jedwali la juu na la chini, ni ujuzi mwingine kabisa, na ni kazi inayochosha macho. Hao unaoona wamechapisha notsi zako steshenari kwa pesa yao hawajakataa teknolojia. Wamechagua karatasi kwa sababu karatasi inafaa zaidi kwa kazi ile.

Sasa tuone utaratibu wenyewe unavyokwenda, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mtu anapokutana na programu mpya ya kompyuta huipima kwa mambo mawili: itanisaidia kazi yangu? Na ni rahisi kuitumia? Katika takwimu zake, la kwanza lilikuwa na nguvu kuliko la pili. Mtu huvumilia programu ngumu kama inampa anachohitaji, lakini urahisi peke yake haumfanyi atumie kitu ambacho hakimsaidii. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmojawapo, waliunganisha nadharia nane za aina hii na kuongeza mambo mawili yanayokuhusu sana wewe: msukumo wa watu wanaomzunguka mtumiaji, na mazingira yanayomwezesha, yaani kifaa, mtandao, na mtu wa kumuuliza akikwama. Waligundua kwamba msukumo wa watu hufanya kazi zaidi pale matumizi yanapolazimishwa, na zaidi mwanzoni. Kadiri mtu anavyozoea, msukumo huo hupungua nguvu.

Soma tena barua yako ukiwa na hilo kichwani. Wiki ya kwanza mkuu wa idara alisimama, wewe ukasimama, CR, yaani kiongozi wa darasa, akapita na simu yake kuwaonyesha wenzake. Wakapakua. Ulichokipata siku ile kilikuwa utii, na utii wa siku moja unatosha kabisa kupakua aplikesheni. Kuifungua Jumatano ya wiki ya sita, ukiwa peke yako gheto, chumba chako cha kupanga huko Nkuhungu, bando likiwa limebaki MB 80, kunataka sababu nyingine. Mtafiti mwingine, Anol Bhattacherjee, aliliweka wazi hili mwaka 2001: kuanza kutumia na kuendelea kutumia ni maamuzi mawili tofauti, na la pili linategemea kama mtu alikuta kile alichotarajia kukikuta.

Wanafunzi wako walikuta nini? Nitasema kwa upole lakini bila kuzunguka. Walikuta notsi ambazo tayari walikuwa nazo WhatsApp.

Najua uliziweka kule kwa huruma, usimwache mtu nyuma. Lakini fikiri kama mwanafunzi. Kundi la WhatsApp liko wazi muda wote, ujumbe unaingia wenyewe na simu inalia. Ili afike kwenye aplikesheni inabidi aitafute, aandike namba ya usajili yenye mikwaju (/), akumbuke nywila, asubiri ifunguke, halafu akute faili lile lile. Safari ya pili hana sababu ya kuifanya. Naamini hili peke yake linaeleza sehemu kubwa ya wale 100 unaowakosa, na habari njema ni kwamba liko mikononi mwako, halihitaji bajeti wala kikao. Amua kila mahali pana kazi gani. WhatsApp ibaki ya matangazo: kipindi kimehamishwa, jaribio ni Ijumaa, nani ana kikokotoo cha ziada. Aplikesheni iwe na kitu ambacho hakipatikani pengine popote.

Kitu hicho kisiwe notsi. Notsi zitapigwa picha na kurushwa ndani ya dakika tano, na huwezi kuzuia, wala usijaribu. WhatsApp haiwezi kumwambia mwanafunzi amekosea wapi. Aplikesheni inaweza, na hapo ndipo ninakuomba uweke nguvu zako zote.

Chukua swali la kawaida la somo lako. Kikundi cha kina mama Dodoma kinasindika juisi ya zabibu. Gharama zisizobadilika ni shilingi 600,000 kwa mwezi, chupa inauzwa 5,000, na kutengeneza chupa moja kunagharimu 3,000. Wauze chupa ngapi ili wasipate hasara wala faida? Jibu ni 300. Wewe uliyefundisha muda mrefu unajua tayari makosa yatakayotokea. Yupo atakayegawa 600,000 kwa 5,000 aandike 120, na yupo atakayegawa kwa 3,000 aandike 200. Ukiweka majibu hayo mawili kama chaguo, kisha kila moja ukaliandikia sentensi mbili, kwa mfano "Umegawa kwa bei yote. Kila chupa imeshakula 3,000 ya kuitengeneza, kwa hiyo inachangia 2,000 tu," umempa kila mmoja wa wale 120 kitu ambacho huna muda wa kumpa darasani. Maswali nane ya namna hiyo kwa wiki yanazidi thamani video ya saa nzima. Utatumia jioni moja kuyatunga, na mwakani bado utakuwa nayo.

Hapa kuna mtego. Manufaa ya kujipima hayaonekani mapema. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi za kusoma. Baadhi waliisoma tena na tena, wengine walisoma kisha wakajitahidi kukumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa wameamini watakumbuka vizuri. Kwa hiyo mwanafunzi wako akifanya kwizi akakosa matano kati ya nane, anachohisi usiku ule ni kwamba aplikesheni inamvunja moyo, wakati kurudia notsi kunampa raha ya kuona anaelewa. Usingoje agundue mwenyewe. Fanya jaribio lijalo la darasani liwe na maswali kadhaa yanayotokana na kwizi za aplikesheni, tarakimu zikiwa zimebadilishwa, na uwaambie mapema kwamba itakuwa hivyo. Siku ya kurudisha karatasi waonyeshe ubaoni swali hili lilikuwa kwizi ya wiki ya tatu. Kuna wanaoogopa sapu, mtihani wa marudio, kuliko kitu kingine chochote, na hao watakuwa wameshaielewa hesabu hiyo kabla hujaifuta ubaoni.

Tuje kwenye bando, kwa sababu wengi wetu tunaodhaminiwa waifai ofisini tunalipita kwa mwendo wa haraka. Mabando mengine yanauzwa kwa ajili ya WhatsApp na mitandao ya kijamii peke yake, kwa bei nafuu. Mwenye bando hilo anakuwa hewani hadi saa sita usiku na bado hawezi kufungua aplikesheni yako hata mara moja. Unayemwona WhatsApp si lazima awe na intaneti ya kufika kwingine. Halafu kuna video zako. Video ya saa moja iliyobanwa kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde inakula takriban MB 225, na iliyorekodiwa kwa simu bila kubanwa inaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Somo hilo hilo kwa sauti tupu, kilobiti 32 kwa sekunde, halifiki MB 15. Kwa uhasibu, rekodi ya sauti ya dakika nane ukieleza hatua za swali moja, pamoja na picha ya karatasi ya hesabu, inatosha kabisa. Video ibaki kwa kile ambacho lazima kionekane.

Muulize pia mtaalamu wa TEHAMA wa chuo kama mfumo wenu unaruhusu kazi nje ya mtandao. Aplikesheni ya Moodle, mfumo mmojawapo wa masomo ya mtandaoni, kwa mfano, inamwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa chuoni na kulisoma nyumbani bila intaneti, na hata kwizi inaweza kufanywa hivyo, majibu yakatumwa baadaye simu ikipata mtandao. Lakini kwizi haitafanya hivyo yenyewe. Mwalimu lazima aruhusu kwenye mipangilio, na kwizi isiwe na kikomo cha muda. Wakufunzi wengi hawajawahi kuambiwa kuhusu kitufe hicho.

Nafasi kwenye simu sitaisemea sana. Simu ya GB 16 iliyojaa picha za makundi huomba kufutiwa kitu, na kinachofutwa kwanza ni kile ambacho hakijafunguliwa wiki tatu. Kama mfumo unafunguka pia kwenye kivinjari cha simu, waambie wanaweza kuingia kwa njia hiyo bila kupakua chochote.

Sasa zile alama 5. Wenzako wana hoja kiasi. Alama zinasukuma, tena haraka. Tatizo ni kile unachokinunua. Ukilipa kwa kuingia, utapata kuingia. CR mmoja mwenye moyo mzuri atakusanya nywila za wenzake kumi na kuwaingiza wote Jumapili usiku, na orodha yako itapendeza sana. Kuna na hatari ya ndani zaidi. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kuunganisha, na kundi moja likalipwa dola moja kwa kila fumbo. Malipo yalipokoma, waliolipwa walipunguza muda waliokuwa wakiutumia kwa hiari yao. Jaribio lile lilikuwa dogo, lakini mwaka 1999 Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya matokeo ya majaribio 128 wakafika pale pale: zawadi ya kushikika, iliyoahidiwa mapema kwa kazi ambayo mtu tayari anaipenda, hupunguza hamu yake. Maneno ya kumwonyesha mtu kwamba ameweza yalifanya kinyume chake.

Nisikutishe kupita kiasi. Onyo hilo ni kwa kazi inayopendwa tangu mwanzo, na Uhasibu wa Gharama kwa wengi wa mwaka wa kwanza haujafika huko. Kwa hiyo sikatazi alama. Nashauri zihamie kwenye kazi yenyewe: alama chache za tathmini endelevu kwa kwizi, mwanafunzi akiruhusiwa kurudia mara tatu na ichukuliwe ya juu kabisa, wiki mbili mbovu kati ya kumi zikisamehewa ili aliyekosa bando au aliyeuguliwa asipotee. Kurudia ni muhimu sana. Anayeruhusiwa kurudia husoma maelezo ya kosa lake, na anayepewa nafasi moja hutafuta jibu kwa mwenzake. Na kabla ya kutangaza, pata kibali cha idara, kwani mgawanyo wa alama haubadilishwi katikati ya muhula kwa neno la mwalimu mmoja. Kama muhula huu haiwezekani, njia ya maswali kurudi kwenye jaribio inatosha kwa sasa.

Jambo moja hukuligusa, nami nadhani lipo. Uliandika kwamba wanaoingia hawafiki 20, maana yake unaiangalia orodha. Wanafunzi wanajua unaiangalia. Baadhi hawajaribu kwizi kwa sababu wanaamini kila kosa linaandikwa kwa jina lao na litawafuata hadi mtihani wa mwisho. Waeleze wazi darasani unaona nini: nani ameingia, lini, amepata ngapi. Sema utakitumiaje na hutakitumia kufanya nini. Ni haki yao kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyuo vyetu pia. Na usisome majina ya wasioingia mbele ya darasa, hata ukiwa umechoka. Aliyeaibishwa ataingia mara moja na hataingia tena.

Je, uachane nayo? Hilo si swali la aibu. Kama baada ya kuondoa notsi WhatsApp, kuweka kwizi zenye maelezo na kupunguza uzito wa mafaili, bado wiki tatu au nne baadaye unaona watu 20, basi kwa darasa hili aplikesheni haijapata kazi ya kufanya. Karatasi ya maswali manane iliyochapishwa, ikasahihishwa wawili wawili mwanzoni mwa kipindi, inatoa sehemu kubwa ya faida ile ile. Kinachofundisha ni kujipima na kuelezwa kosa, na simu ni mojawapo tu ya njia za kufikisha hayo. Ila WhatsApp peke yake sikushauri uifanye darasa. Mafaili yanazama chini ya salamu na picha za harusi, aliyebadilisha simu anapoteza yote, na aliye kimya humwoni.

Kabla ya yote hayo, fanya kitu kimoja wiki hii. Waalike wanafunzi watano, wasiwe wale wanaokaa mbele, waje na simu zao wenyewe na bando lao wenyewe, wasitumie waifai ya chuo. Waambie wafungue kwizi ya wiki ya pili, kisha nyamaza. Usielekeze. Tazama wanapokwama. Pengine utakuta nywila imesahaulika na ujumbe wa kuibadilisha umetumwa kwenye barua pepe ya chuo ambayo hawajawahi kuifungua. Pengine jedwali lako linakatika katikati kwenye kioo kidogo. Nusu saa hiyo itakuonyesha ni lipi kati ya haya niliyoandika ndilo lako hasa, na kama ni la kiufundi, mwite mtaalamu wa TEHAMA akae nawe hapo hapo aone kwa macho yake. Kueleza kwa simu hakutatosha.

Tena kuna wale ambao hakuna aplikesheni itakayowafikia, nao nakuomba uwatafute ana kwa ana. Yupo asiye na simu janja na hajasema kwa kuona haya. Mpangie kompyuta ya maktaba kwa saa maalumu, au mpe maswali kwa karatasi, kimya kimya. Yupo anayeshika simu karibu na pua na kulalamika kichwa kila akisoma. Huyo aende kliniki ya macho kabla hujamhesabu kuwa mzembe. Na yupo aliyetoweka kila mahali: haonekani kwenye aplikesheni, darasani haji, jaribio la kwanza hakufanya, WhatsApp anasoma hajibu. Kwake suala la teknolojia limekwisha. Mpigie, mwombe afike ofisini, na muulize kwanza hali ya nyumbani na anapoishi. Ukisikia ada imekwama, ugonjwa, msiba au jambo linalomtisha, mpeleke wewe mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo, maana ukimwelekeza tu mlango ulipo huenda asifike.